Vidonge vya tezi na mimba

Dada wa Shela, umeuliza kama wifi yako aache vidonge vya homoni ya tezi ya shingo kwa kuwa ana mimba ya miezi miwili. Asithubutu! Tezi ya mtoto bado haijaanza kazi. Homoni anayoitegemea ni ya mama. Ikifika ubongoni mwa mtoto, homoni hiyo, iitwayo T4, hugeuzwa T3, umbo lake lenye nguvu zaidi, ikaingia kwenye kiini cha seli na kushikana na kipokezi, yaani protini ya kuipokea, kilichokaa juu ya DNA. Hapo jeni huwashwa, zikiwemo za mayelini inayovika nyuzi za neva. Kipokezi kikikosa homoni hakikai bure, huzikandamiza jeni hizo. Na hayo ya "sisi twala samaki kila siku": madini joto ya samaki ni malighafi tu ya homoni, tezi ya wifi yako ndiyo goigoi. Apande boti aje mjini kwa daktari, mara nyingi dozi huongezwa.