Kabla hujatupa DHT22, soma baiti yake ya tano

Usiku huo kipimajoto cha zebaki ndani ya mashine yangu ya kutotolesha vifaranga kilisoma 37.5, skrini inayoonyesha kipimo cha DHT22, kihisi cha joto na unyevu, ikisema 11.9, na balbu za joto zinawaka wakati zilipaswa kuwa zimezima. Mayai yalikuwa siku ya kumi. Asubuhi nikanunua kihisi kipya, tatizo likabaki lilelile. Ndipo nikakaa chini kuusoma ujumbe wenyewe unaotumwa na kihisi. Wewe anzia hapo.

DHT22 hakisemi mpaka kiulizwe. Arduino, kompyuta ndogo inayokiuliza, huushusha waya wa data kwa milisekunde 1 au zaidi, kisha huuachia. Kihisi huitikia kwa kuushusha mikrosekunde 80 na kuupandisha 80, halafu hutuma biti 40, kila moja ikiwa 0 au 1. Kila biti huanza kwa mikrosekunde 50 za chini. Kinachotenganisha 0 na 1 ni muda ambao waya unakaa juu baada ya hapo: 26 hadi 28 ni 0, 70 ni 1. Tofauti ni ndogo mno, na mimi naipenda kwa usahili wake, ila ndiyo inayoponza.

Biti hizo ni baiti 5 za biti 8 kila moja: mbili za unyevu, mbili za joto, moja ya uhakiki. Vipimo huja vimezidishwa kwa 10. Unyevu wa asilimia 58.0 ni 580, yaani baiti 2 na 68 (2 × 256 + 68). Joto la 37.5 ni 375, yaani 1 na 119. Jumlisha zote nne upate 190. Hiyo ndiyo baiti ya tano. Jumla ikipita 255, hubaki biti 8 za mwisho tu.

Sasa ile 1 ya joto ikisomwa 0, inabaki 119, yaani nyuzi 11.9! Jumla inakuwa 189 badala ya 190. Ujumbe ulinionyesha kuwa umeharibika, ila programu niliyoiandika haikuwa ikihakiki.

Waya wangu wa data nilikuwa nimeufunga pamoja na nyaya za balbu. Utenganishe, na uweke resista ya kiloomu 10 kati ya data na chanya. Jumla isipolingana, tupa ujumbe, subiri sekunde 2, uliza tena. Ikishindikana mara tano mfululizo, zima balbu na upige king'ora. Kataa pia baiti zote zikiwa sifuri, kwa sababu jumla ya sifuri nne ni sifuri na uhakiki utaupitisha ujumbe huo.