Marejeleo yamerudishwa na hujui pa kuanzia? Mimi nilifanya hivi

Umesema supavaiza amekurudishia tasnifu nzima na maneno mawili tu, "rekebisha marejeleo", hakuonyesha wapi, na wiki ijayo inatakiwa tena. Pole sana ndugu yangu, hiyo naijua. Yangu ilirudi hivyo hivyo nikiandika kuhusu magofu ya Gede, hapa kwetu Malindi, na nilikuwa natumia Zotero, ile programu ya kupanga marejeleo, toka siku ya kwanza nikajua niko sawa kabisa.

Wallahi printi. Usikague kwenye skrini, macho yanazoea yanaruka. Printi orodha peke yake halafu tafuta mtu ukae naye. Mimi nilikaa na binamu yangu uani baada ya magharibi, yeye kasomea mambo ya hoteli, APA, huo mtindo wa kuandika marejeleo, haijui, na hilo ndilo lililonifaa kwa sababu hakuna kitu alichokipita kwa mazoea. Mimi nasoma kwenye tasnifu kwa sauti, jina na mwaka, yeye anatafuta kwenye orodha, akipata anatia tiki. Tulipomaliza, zilizobaki bila tiki kwenye orodha zilikuwa kumi na moja, ni kazi nilizozisoma lakini sikuzitaja popote, nikazitoa. Na zile nilizozitaja lakini kwenye orodha hazipo zilikuwa nne.

Moja katika hizo nne ilikuwa "Kirkman, 1945". Binamu akaniambia hapa naona Kirkman wa 1954 na wa 1963, huyo wako hayuko. Namba zimepishana tu, lakini hebu fikiria, James Kirkman alianza kuchimba Gede 1948, sasa mimi nimeandika katoa kitabu miaka mitatu kabla hajatia sululu chini! Mtahini anayeijua pwani akiona hilo ataanza kutilia shaka hata zile sura ulizozitolea jasho. Ikabidi nifungue vitabu vyenyewe upya, nikakuta pahali pawili nimetaja cha 1954, ambacho ni cha msikiti mkuu, na habari ninayoieleza ni ya jumba la kifalme, iko kwenye cha 1963. Hiyo programu haiwezi kukuonyesha, yenyewe inapanga ulichoipa basi.

Halafu kitabu cha 1954 jina lake ni The Arab City of Gedi, na i mwishoni, mimi nikakisahihisha kikawa Gede vile tunavyosema sisi. Usifanye hivyo. Kwenye maelezo yako andika Gede, lakini jina la kitabu liache lilivyochapishwa.

Sasa majina, na hapa nakuomba utulie maana kwa anayeandika mambo ya Waswahili ndipo penye mtego. Kuna Ali Mazrui na kuna Alamin Mazrui, wote A, na 1998 wametoa kitabu pamoja. Ukiandika "Mazrui, A." msomaji hajui ni yupi, kwa hiyo weka na herufi ya katikati, A. A. kwa Ali na A. M. kwa Alamin, na kwenye maelezo pia tanguliza hizo herufi. Tena kuna Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, na kuna Ibrahim Noor Shariff aliyeandika na Alamin 1994. Herufi moja tu, e na a, na mimi nilikuwa nimewafanya mtu mmoja.

DOI zote, yaani zile namba za viungo vya makala mtandaoni, zibonyeze moja baada ya nyingine, zichoshe zisichoshe. Yangu moja ilifungua makala ya mambo mengine kabisa. Na kama kuna marejeleo uliletewa na akili unde, tafuta makala yenyewe kwanza uisome, maana hiyo mitambo inaunda jina, jarida na mwaka vya kuaminika kabisa na kitu chenyewe hakipo duniani.

Mengine ni madogo, uliza idara wanataka APA toleo gani, kwa sababu la saba la 2019 limeondoa mji wa mchapishaji, na waandishi wakiwa watatu au zaidi unataja wa kwanza tu na "na wenzake" toka mara ya kwanza. Wakitaka la zamani usichanganye.

La mwisho ni wazee. Mimi niliwapanga wazee sita niliowahoji kwenye orodha ya marejeleo kwa heshima, na APA haitaki, watu uliowahoji kwa utafiti wako unawaeleza kwenye sura ya mbinu, na maneno yao yanakaa kwenye matokeo. Kuwafuta pale kuliniuma kusema kweli, mmoja alinipa asubuhi tatu nzima. Wanne walikuwa wamekubali kutajwa majina, nikawaandika kwenye ukurasa wa shukrani, wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.