Swali: "Meneja kaniambia niache kazi kwanza ndio anitafutie nafasi kwenye tamthilia"

SWALI: Habari yako kaka. Nina miaka 31, ni mhasibu kwenye kampuni moja hapa Dar, ajira ya kudumu, nina mke na mtoto mmoja. Kuigiza nimeanza sekondari, nikaendelea kanisani na siku hizi natengeneza video zangu mtandaoni. Mwezi uliopita nimepata meneja anasema kuna tamthilia ya TV wanatafuta sura mpya, ila nilipe 350,000 ya usajili na picha, halafu niache kazi kwanza maana prodyuza hataki mtu wa nusu nusu. Nawaza kuandika barua mwezi ujao, nichukue hela yangu ya NSSF inishikilie. Je hiyo ada ni ya kawaida? Na nijipange na akiba ya miezi mingapi?

JIBU: Kaka, hiyo ada sio ya kawaida na haijawahi kuwa, na kinachonishangaza ni kwamba anayeuliza ni mhasibu. Wewe kila siku unapitisha vocha, lini umeona mtu anailipa kampuni ili aajiriwe? Kwenye uigizaji hela inatoka kwa mwenye kazi inaenda kwa msanii, hairudi. Meneja wa kweli anakula asilimia kwenye kile ulicholipwa, baada ya wewe kulipwa, kwahiyo usipopata kazi na yeye analala njaa, ndio maana anahangaika kukutafutia. Huyu wako anashiba kabla hujasimama mbele ya kamera, sasa kesho asubuhi ataamka akakutafutie kazi ili iweje?

Lakini laki tatu na nusu sio iliyonifanya niandike, hiyo kila wiki naletewa, wengine wanatozwa zaidi. Kilichonikera ni hilo la "acha kazi kwanza". Mimi nafanya kasting, yaani kuchagua waigizaji, miaka mingi na hakuna siku nimemuuliza mtu kama ameacha kazi, haunihusu mshahara wake. Namuuliza kitu kimoja tu, kuanzia tarehe fulani mpaka fulani upo? Akisema yupo, yupo. Akisema ana kazi ila ameomba likizo, huyo ndio nampenda zaidi maana najua anaheshimu muda.

Sasa jiulize kwanini tapeli anataka uache kazi. Mtu aliyetoka kazini juzi ana hela mkononi, ana mshahara wa mwisho na malipo ya likizo ambazo hakwenda, na juu ya hapo ana aibu ya kurudi nyuma kwa sababu ameshawaaga wenzake ofisini na mkewe ameshamjibu vibaya. Leo ni usajili, wiki ijayo ni mavazi, baada ya hapo kuna warsha ya lazima Jumamosi, halafu "prodyuza amekuongezea sini (kipande cha kuigiza), changia mafuta ya jenereta kidogo". Mwenye mshahara atashtuka kwenye ombi la pili na kuondoka zake, ila aliyeacha kazi anakopa alipe maana akikubali kwamba ametapeliwa ina maana amekubali pia kwamba kazi aliiacha bure. Nimeshamuona mtu ameuza pikipiki kwa mtindo huo, kijana wa watu, na hiyo tamthilia haikuwepo.

NSSF. Aisee. Fao la kukosa ajira lipo tangu mabadiliko ya sheria ya 2018, lakini ni la mtu aliyepoteza kazi, sio aliyeandika barua mwenyewe. Ukijiuzulu kwa hiari usihesabu hiyo hela kwenye bajeti kabisa, nenda kawaulize wenyewe kabla barua haijafika kwa HR. Bima ya afya inayolipiwa na mwajiri nayo inaondoka na ajira, na wewe una mtoto.

Swali lako la miezi mingapi sitakujibu kwa miezi kwa sababu hesabu yenyewe umeianza vibaya. Unapanga akiba ya kukaa nyumbani ukisubiri kuitwa, wakati huyo anayekuita bado hata hajui kwamba upo. Wewe hesabu siku za kulipwa. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania una likizo ya siku 28 kwa mwaka, na naweza kubeti kwamba hujawahi kuzitumia hata tatu kwa ajili ya sanaa. Watu wanadhani tamthilia ni miezi sita unashinda lokesheni, hapana. Inashutiwa kwa kufuata sehemu, sini zote za sebuleni kwa mzee zinapigwa siku hizo hizo hata kama moja ni ya episodi ya 3 na nyingine ya 19, kwahiyo mhusika mdogo anaweza kumaliza kazi yake yote ndani ya siku chache. Hizo zinaingia kwenye likizo. Siku utakapopata kazi zinazolipa mpaka likizo imeisha, umeomba ruhusa bila malipo na bosi ameanza kununa, hapo rudi tuongelee barua ya kuacha, na notisi yako kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 sio kesho asubuhi.

Najua utaniambia mbona fulani aliacha kila kitu akafanikiwa. Mfano ninaoletewa sana ni Lupita Nyong'o, watu wanaukumbuka usiku aliochukua tuzo ya Oscar 2014 kama vile alishushwa pale na malaika. Huyo dada kabla ya hapo alishafanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu za watu, ameongoza dokumentari yake mwenyewe, halafu akaenda kusoma uigizaji Yale akamaliza 2012. Kanumba hapa kwetu alipitia Kaole kwanza, kikundi chenye mazoezi, kabla filamu hazijamfanya awe yule mnayemjua. Nyie mnaona siku ya tuzo tu halafu mnakuja kuniambia habari za kipaji, kipaji, kipaji. Kipaji kila mtaa kipo.

Nikwambie kinachowaangusha watu wenye kipaji kwenye odisheni zangu. Aliyezoea kanisani na jukwaani anaongea mpaka safu ya mwisho isikie, wakati maiki iko kifuani kwake na kamera iko karibu, kwenye skrini anaonekana anagombana na mtu hata akiwa anaomba maji. Aliyezoea video za mtandaoni kama wewe anaongea na kioo cha simu, ukimuwekea mwenzake wa kuigiza naye hajui kusikiliza, anasubiri zamu yake tu na macho yanamkimbilia kwenye lenzi. Halafu kuna kukumbuka mwili wako. Kwenye teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza sini inaporekodiwa, umeshika kikombe kwa mkono wa kushoto ukanywa kabla ya kusema jina, basi na teki ya saba ni hivyo hivyo, la sivyo edita hana pa kuunganishia. Haya yote yanafundishika jioni na wikiendi ukiwa bado mhasibu. Ukitaka darasa rasmi kuna TaSUBa Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wana idara ya sanaa. Ada ya chuo unalipa unapewa risiti na mafunzo, nafasi kwenye tamthilia hawakuahidi. Vikundi vya maigizo mtaani navyo usividharau.

Na hili nasema kwa wote sio wewe peke yako maana matapeli wamekuwa wengi mpaka sisi wa kweli tukitangaza odisheni tunaogopwa. Anayetengeneza filamu kihalali Tanzania anapita Bodi ya Filamu kuchukua kibali, na kampuni yake iko BRELA, wanaosajili kampuni, kwahiyo kuuliza "prodyuza ni nani na kibali kiko wapi" sio ujeuri. Odisheni inafanyika ofisini, ukumbini, studio, mchana, kuna watu wengine kwenye foleni. Ya lodge chumba namba fulani saa mbili usiku sio odisheni, dada zangu, na hata wanaume siku hizi yanawakuta. Rushwa ya ngono ni kosa kwenye sheria ya rushwa ya 2007, TAKUKURU namba yao ni 113 na ni bure. Mkataba nao usome kabla ya kusaini, hasa inalipwa lini na tangazo au picha yako itatumika muda gani, mnakumbuka 2018 mikataba ya marehemu Mzee Majuto ilivyozungumzwa mpaka wizarani, msanii mkubwa kiasi kile. Wewe mpya utaachwa?

Kwako kaka, hiyo 350,000 usitume, na kama umeshatuma usiongeze hata shilingi, tunza ujumbe wa muamala upeleke polisi. Wiki hii jirekodi. Simu uilaze kwa upande, ukuta mtupu nyuma yako, mwanga utokee mbele sio dirisha la nyuma, kuanzia kifuani kwenda juu. Taja jina, urefu na unapoishi, halafu fanya sini moja ya dakika moja na nusu na mtu wa kukujibu akiwa amesimama pembeni kidogo ya kamera, mke wako anafaa sana na atajua unachokifanya. Usiweke muziki. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama video ya kawaida inabanwa inafika ukungu, na mimi za ukungu sizimalizi.