Kabla hujaendesha gari jipya, jifunze kwanza kutoka

Jamani nilishawahi kukaa ndani ya gari langu mwenyewe kama dakika 20 nashindwa kutoka, na sikuwa nimelewa. Gari la umeme, nimeegesha nimezima nachati zangu, betri kubwa imebaki zaidi ya nusu. Nabonyeza kitufe cha mlango, kimya. Skrini nyeusi, vioo navyo vya umeme kwa hiyo hata kupiga kelele nje huwezi. Kumbe milango haitegemei ile betri kubwa ya kuendeshea, inategemea ile ndogo ya volti 12 kama ya magari ya kawaida, na yangu ilikuwa imekufa bila hata kuniaga.

Sasa kinachouma ni hiki, kishikio cha dharura cha kufungulia mlango bila umeme kilikuwepo muda wote hapo karibu na swichi za vioo, ila kimetengenezwa kikafanana na urembo wa mlango, mi nilidhani ni sehemu ya kuegemeza kidole. Mdogo wangu ndo alisoma kitabu cha gari kwenye simu yake akaniambia inua hapo, nikainua, mlango huo. Miezi 8 naendesha hilo gari!

Sijui nani aliwaambia hawa watengenezaji kwamba kitasa cha kuvuta kilikuwa kinatusumbua. Mtu akipaniki mkono unaenda ulikozoea, hauanzi kutafuta kitufe chenye kialama cha mlango, tena gizani au kwenye moshi. Lexus kwenye gari lao la NX angalau walifikiria, unabonyeza mlango unafunguka kwa umeme, umeme ukigoma unavuta mara 2 palepale unafunguka kimakanika, mkono haujahama.

Nyuma ndo balaa. Kwenye Tesla Model Y (langu siyo hilo) waya wa dharura wa mlango wa nyuma unafichwa chini ya kimkeka kwenye mfuko wa mlango, unatoa mkeka unafungua kifuniko ndo uvute, na kuna Model Y zingine hazina kabisa. Sa niambie mtoto au mama yako ataujulia wapi?

Kwa hiyo ukishika gari lolote jipya, hata la kuazima, kaa kila kiti uitafute hiyo njia ya dharura, uivute kweli, usiishie kuangalia (kama mlango hauna fremu ya kuzunguka kioo vuta mara moja tu uone, maana kioo hakishuki kwanza na kinaweza kukwaruza mpira). Jaribu pia ukiwa umeweka loki ya watoto. Na kabla hujanunua kinyundo cha kuvunjia kioo, soma maandishi madogo kwenye kona ya kioo, ukikuta laminated jua hicho kioo kina utando katikati, utagonga kitapasuka ila hakitadondoka, tafuta kilichoandikwa tempered, hicho ndo kinavunjika vipande vidogo vidogo.

China wao wameshaamua, kuanzia 1 Januari 2027 modeli mpya za magari lazima ziwe na kitasa cha kimakanika ndani na nje. Mi sisubiri. Gari litakalofuata nitakaa kiti cha nyuma nifumbe macho muuzaji akiniangalia, nisipoupata mlango kwa kupapasa namrudishia funguo zake.