Nimeapdeti Plasma, skrini giza

Swali: Asalaam aleikum, nina duka la kuprinti hapa Langoni, Lamu, laptopu iko na KDE Plasma (ile desktop ya Linux), jana nimeapdeti na sasa nikiweka paswadi naona mshale tu kwenye giza na wateja wanangoja, nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usifomati wallahi, faili zako zipo. Tangu Plasma 6 ya 2024 ukiingia unapelekwa Wayland (mfumo mpya wa kuchora skrini), na kadi zingine za zamani, hasa za Nvidia, hugombana nayo, so zima uwashe, pale pa paswadi angalia kona ya chini uchague X11 (ule mfumo wa zamani) kama ipo. Ikigoma, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi tu, ingia kwa jina na paswadi yako, faili ya plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc (inayoshika mpangilio wa paneli na ikoni) ndani ya folda ya .config ibadilishe jina kisha riboot, paneli itajijenga upya, ila ikoni utazipanga tena mwenyewe.