Viatu namba 48 na swali lenu la wiki

Mmeuliza wiki hii, staa wa kikapu akigoma mpaka auzwe kwenye timu anayoitaka mwenyewe, ni msaliti au anadai haki yake? Swali limenikera, tena sio kidogo, na nilivyoshika simu kuandika jibu langu lilikuwa neno moja tu, msaliti, nimalize nikapike. Mtu wa Tanga kuachwa solemba anakujua vizuri, mji wetu wenyewe si ndo ule wa waja leo waondoka leo.

Na msinitajie LeBron James wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Yule kweli 2010 alitangaza kwenye TV anahama Cleveland kwenda Miami watu wakachoma jezi zake, lakini 2014 alirudi na 2016 akawapa kombe wakitokea nyuma 3-1 mbele ya Golden State, deni kalipa. Ninaowasema mimi ni kina James Harden. Houston kachoka, Januari 2021 yuko Brooklyn. Mwaka mmoja na kidogo, Februari 2022, yuko Philadelphia. 2023 anasimama mbele ya watu kule China anamwita bosi wake muongo, anasema hatacheza tena timu yoyote aliyomo huyo mtu, na kweli msimu umeanza tu keshapelekwa Clippers. Sasa huyo mashabiki wake wanavaa jezi gani?

Ngoja niwaeleze kwa nini jambo hili linanigusa.

Tulikuwa na timu ya mtaa, mtaa siutaji maana wahusika wapo na wengine sasa hivi ni wazee wa heshima, ila mtu wa Ngamiani akisoma atajua tu. Uwanja wetu ulikuwa wa sementi, kona moja imeliwa, ukidribo upande ule mpira unakukimbia, wageni wakawa wanadhani sisi tunajua sana kukaba kumbe tunajua tu shimo liko wapi. Mimi nilikuwa mweka hazina. Msichana peke yangu, wenzangu wote wako netiboli, mi nashika daftari la michango, na mechi ikianza nalipindua daftari hilohilo naandikia nyuma pointi na faulo. Kila shilingi iliyoingia na kila kikapu kilichoingia nimeviandika mimi.

Basi tulikuwa na mrefu wetu. Kijana fundi baiskeli, mpole, akikaa chini ya goli hata haruki ni kunyoosha mkono tu. Shida ilikuwa miguu. Namba 48. Raba ya kikapu ya namba hiyo Tanga nzima haikuwepo, alikuwa anacheza na raba kazikata mbele vidole viko nje. Kocha wetu, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, akaanza kuzunguka mitumba, robota likifunguliwa asubuhi na yeye yupo na rula yake ya mbao anapima soli, mpaka wauzaji wakawa wanamcheka. Alipokosa akamwagiza dereva wa basi la Dar amtafutie soko la mitumba la Karume. Vikapatikana! Vyeupe vilivyogeuka njano, kimoja kina kamba ya kijani kingine kamba ya kahawia. Nikaandika kwenye daftari: viatu, mrefu. Hela ile ilikuwa nauli ya watu wanne kwenda Moshi kwenye mashindano, lakini tukasema sawa, tutajichanga upya, na kweli tukajichanga, hadi mama muuza mihogo pale kona akatoa, yeye kikapu hakijui wala hakitaki, katoa kwa sababu kijana alimzibiaga pancha bure.

Basi limelipiwa. Jioni ya kuamkia safari tuko uwanjani, akaja mdogo wake na mfuko wa rambo. Shikamoo mwalimu, shikamoo dada. Kaka ameondoka leo kwenda Dar, kuna timu ya taasisi imemwita, watampa kazi na pa kulala, amesema hivi viatu ni mali ya timu nivirudishe. Kaishia hapo, katoto kenyewe kameogopa.

Jamani. Kocha akavitoa akawa anavigeuzageuza anaangalia soli, soli bado nzima kabisa. Hakusema kitu. Wachezaji wakavijaribu mmoja mmoja, hakuna wa kuvijaza, mmoja alishindilia magazeti mbele akavaa akaanguka anapasha tu misuli. Moshi tulienda hivyohivyo. Mechi ya kwanza tulipigwa mpaka nikafungua ukurasa mwingine kuandika pointi za wenzetu, ya pili tukapigwa, tukapanda basi. Njia nzima anasemwa yule kijana, kuanzia Same mpaka Muheza, msaliti, mroho, hana utu, mpaka mama yake akaingizwa, hiyo sikuipenda. Na viatu vikawekwa kwangu kama mali ya timu, vikakaa chini ya kitanda hadi panya wakavimaliza.

Sasa naandika hapa nakumbuka kitu kingine kimo kwenye daftari lilelile. Kwa safari hiyohiyo ya Moshi tulichukua mamluki wawili wa shule ya bweni, wanajua kweli, na ili wapate siti tukamkata mfupi mmoja, wa timu tangu mwanzo, ndo aliyeichomelea ringi yetu ilipokatika na hakudai hata soda. Aliambiwa stendi. Stendi, begi liko begani! Na mchango wake alikuwa keshatoa, sahihi yake ninayo kwenye daftari. Akaondoka zake kwa miguu, na kwenye basi hakuna aliyesema kocha msaliti, hakuna aliyesema timu haina utu, tulisema tu ndo michezo hiyo, dirisha lifungwe vumbi linaingia.

Kwa hiyo swali lenu mi nalipindua. Huo uaminifu mbona anadaiwa mtu mmoja tu, tena yule mwenye pa kwenda?

Mchukueni Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet. 2009 siku NBA wanachagua vijana, wa kwanza Blake Griffin, wa pili Thabeet kaenda Memphis, na wa tatu ni nani? Harden huyohuyo! Stephen Curry wa saba. Wawili wamefuatana kwenye foleni, angalieni maisha yao. Thabeet msimu wa kwanza haujaisha, Februari 2010, kashushwa kwenye ligi yao ya chini, hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyekuwa ameshushwa huko kabla yake. 2011 kabadilishwa kwenda Houston, 2012 kabadilishwa tena Portland, nani alimuuliza anapataka au hapataki? Anaambiwa beba begi. Sisemi alionewa kiwanjani, hapana, pointi zake zilikuwa chache na tulikuwa tunaona. Nasema tu kwamba timu ilipomchoka ilimtoa na hakuna gazeti lililouliza kama timu ni saliti.

Na huyo Harden mwenyewe alifundishwa. Oktoba 2012, miezi michache tu tangu acheze fainali na Oklahoma City, hawakuelewana hela ya mkataba mpya wakampeleka Houston. Kijana wa miaka 23. Alichokuja kufanya baadaye alikiona kwao kwanza.

Halafu Luka Dončić. Jumapili ile ya Februari 2025 tunakunywa chai na vitumbua simu zinaanza kulia, Dallas wamempeleka Lakers, wamemchukua Anthony Davis. Watu tukadhani mtu kadukua akaunti ya ripota. Mtu kawafikisha fainali mwezi wa 6 mwaka uliopita, ana miaka 25, hakuomba kuhama, hakugoma, hakutukana. Kauzwa usiku. Aliporudi kucheza Dallas mwezi wa 4 wakamwekea video ya kumbukumbu akalia pale kwenye benchi, halafu akawafunga pointi 45. Mashabiki walimpigia kelele bosi msimu ule wote afukuzwe, Novemba akafukuzwa kweli, lakini Luka ndo harudi.

Hata hiyo ruhusa ya kuhama msifikiri matajiri wenye timu waliitoa kwa hiari. Zamani mkataba unaisha na timu bado imekushika, huendi popote. Oscar Robertson, staa wa enzi hizo, na chama cha wachezaji walikwenda mahakamani 1970, wakafikia makubaliano 1976, ndo mlango ukaanza kufunguka.

Na sisi Bongo tusijifanye hatujui. Kwenye soka, Feisal Salum alipotaka kutoka Yanga mwisho wa 2022 nchi nzima iligeuka wanasheria, yale ya mama yake kusema mwanawe anakula ugali na sukari mnayakumbuka, miezi inakatika mpaka Rais akaomba lile jambo liishe, ndo akaenda Azam. Ila Bakari Mwamnyeto alipotoka Coastal Union yetu ya Tanga kwenda Yanga 2020 sisi wagosi tulichoma jezi? Tulisikitika tukaendelea. Mtoto wa Coastal tunamlea tukijua ataondoka, labda ndo maana tunaweza kuliongea jambo hili bila povu. (Povu la mwanzo wa barua hii msilihesabu.)

Haya jibu. Mkataba ukiisha nenda, hata kama unaenda kwa waliokufunga juzi. Kevin Durant 2016 alifanya hivyo, katoka Oklahoma City kwenda Golden State, roho iliniuma, lakini hakuvunja kitu cha mtu. Mkataba ukiwa haujaisha ukaomba kuondoka, omba, hata Damian Lillard aliomba 2023 baada ya misimu 11 Portland, tena alitaka Miami wakampeleka Milwaukee, sasa nguvu ya staa iko wapi hapo? Nisichokubali ni kugoma huku mshahara unaingia, maana anayeumia pale sio tajiri, ni yule wa mwisho kwenye benchi ambaye timu ikivurugika yeye ndo anakatwa wa kwanza.

Na mrefu wetu je. Mkataba na sisi hakuwa nao, hata wa karatasi ya peremende. Kule kazi na kitanda, huku viatu vyenye kamba mbili tofauti, ningekuwa mama yake ningempakia mwenyewe. Ila angetuambia Jumatatu kabla nauli haijalipwa! Au labda Jumatatu na yeye alikuwa hajaambiwa, sijui, taasisi za Dar zinaita mtu asubuhi zinamtaka jioni.

Basi niandikieni hapana, staa akilazimisha kuhama si msaliti. Kwa Harden peke yake niandikieni ndiyo, kwa ile ya China, kuibiwa hajaibiwa mkataba alisaini mwenyewe. Na kama masharti ya swali yanaruhusu kumpigia kura bosi, aliyemuuza Luka naye ndiyo, na waliomkata yule mfupi stendi ndiyo pia, ila hao majina nabaki nayo mimi na daftari langu.