Barua kwa mwanangu: tumieni simu, kwato ninazo

Mwanangu,

Salamu kutoka Bagamoyo. Huku hatujambo, ila umeme ndio wa kuja na kuondoka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa kitako. Unasema mmechanga laki nane, mko watu 11 pamoja na wewe, wote wa kujitolea, na mna siku nne za kushuti filamu ya dakika kumi na mbili juu ya mvuvi na jini anayetoka baharini. Unaniuliza: mtoe laki sita mkodi kamera kubwa na taa zake, au mtumie simu ya mwenzako?

Tumieni simu.

Usinune kwanza, piga hesabu. Ukitoa laki sita zinabaki laki mbili. Watu 11 kwa siku nne, kila kichwa kinapata shilingi 4,500 na chenji kwa siku, humo humo nauli, humo humo chai, chakula cha mchana na maji ya kunywa. Na wengine wenu wanatoka Mbagala! Mtu akijitolea amekusamehe mshahara. Tumbo halijakusamehe, wala konda wa daladala.

Yalinikuta hayo. Miaka ile ya kanda za VHS, wewe hujazaliwa, kikundi kimoja kiliniomba nishone mavazi ya filamu ya mfalme na mchawi. Joho la mfalme nilikata kwenye pazia la mahameli, nikakesha nalo siku mbili kwenye cherehani ya kukanyaga. Siku ya kwanza tulikunywa chai vizuri. Siku ya pili chai ikaja saa saba mchana. Siku ya tatu mwongozaji akasema, "Mtakula tukimaliza hapa," na hapo pakawa hapaishi mpaka alasiri. Mfalme hakugombana na mtu. Alishuka kwenye kiti chake, akaenda stendi kwa miguu, akapanda gari na joho langu mwilini. Sijaliona mpaka leo. Filamu nayo haikutoka, maana utamalizaje kisa cha mfalme bila mfalme?

Hao waliotuzidi umaskini na bado wakatoa kazi, watazame. Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa Wakaliga, pale Kampala, hakungoja mitambo mikubwa. Kompyuta za kuhariria aliziunda mwenyewe, na waigizaji wake wengi ni watu wa kujitolea. Bunduki na helikopta wanaziunda kwa vyuma chakavu, na watu wameipenda kazi hiyo hadi Ulaya na Marekani.

Sasa jini wako. Umesema mnataka aonekane mzima mzima, ana pembe na macho mekundu, yatiwe kwa kompyuta. Nani kati yenu anaijua hiyo kazi? Mimi sijawahi kutishwa na pembe. Sisi wa pwani tumelelewa na kisa kile kile: mwanamke mzuri, baibui safi, udi unanukia, unamsindikiza usiku, unainamisha macho, unaona kwato. Basi mpe mtazamaji kwato, mengine atayajaza mwenyewe kichwani.

Nimeshajaribu. Fundi seremala wa hapa nyuma amenichongea kwato mbili za mti wa mwembe, nimempa elfu tano na chapati. Tukazipigilia chini ya kandambili, nikamvalisha mtoto wa jirani, tukaenda ufukweni. Kwenye mchanga mkavu ikawa vichekesho, kila hatua ilibomoka ikabaki tundu kama la kaa. Tukashuka pale maji yalipotoka muda ule ule. Mchanga ukashika, lakini mtoto mwepesi, alama zikawa hafifu. Nikamtwisha ndoo ya maji kichwani. Hapo, mwanangu, mpasuko wa kati ukatokea kama umekatwa kwa kisu. Kisha tukarudia: anatoka majini peku, hatua sita za binadamu, anasimama juu ya kibao, anavaa kandambili zake, anaendelea, kibao tunakiondoa. Ukitazama unaona mtu ametoka baharini, na hatua ya saba si mtu tena. Nimepiga picha kwa simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka. Nilipomwonyesha shangazi yako akasoma Ayatul Kursiy, akanirudishia simu bila neno.

Ila mchanga wa namna hiyo una saa zake, na hapa ndipo watu wa Dar huwa mnakosea. Njooni siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo bahari hujaa alfajiri na kupwa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo saa moja maji yanatoka, mchanga ni mbichi, na jua liko chini upande wa bahari, kila alama ina kivuli chake. Mkija siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyo maji yanapanda na kwato zitafutika mkiwa bado mnabishana nani ashike simu. Tena kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Zile alama zishutini siku ya kwanza, msizisogeze.

Tukio la magharibi nalo mlifanyie mazoezi mchana, neno kwa neno. Kwetu giza halina adabu. Jua likizama mna dakika ishirini na kitu, basi. Mkianza kupakana mekapu wakati huo mmekwisha.

Mwigizaji wa jini asiingie majini zaidi ya magoti. Kaniki ikilowa inavuta mtu kama nanga, na kujitolea kusifike huko.

Katika zile laki sita, toa kidogo mpate maiki ya kubana kwenye shati. Kusi ikivuma pwani inameza maneno yote. Kule itakapowashinda, rudieni sauti nyumbani ndani ya kabati la nguo, mmejifunika blanketi. Mtatoka jasho, lakini mtasikika.

Kuhusu kushuti kwenye magofu ya Kaole, msiende kimya kimya usiku kama wezi. Yale ni makaburi ya watu na pana wasimamizi. Ombeni ruhusa kwao, na kibali cha filamu mshughulikie Bodi ya Filamu mapema. Kila mtu kati ya hao 11 asaini karatasi kabla ya siku ya kwanza: jina lake litaandikwaje mwishoni, na filamu ikipata hela anapata nini. Andikeni hata kama ni marafiki wa damu. Hasa kama ni marafiki wa damu.

Chakula niachie mimi. Saa kumi na mbili asubuhi chai na maandazi, saa saba wali na maharage, samaki siku ya mwisho. Mafuta na mkaa ni juu yangu, mchele na samaki mtanunua ninyi. Wasichana wote walale kwangu, hakuna wa kurudi Dar usiku kwa bodaboda.

Kwato nimeziweka juu ya kabati, shangazi yako hataki kuziona. Nitumie tarehe, na idadi ya wasiokula samaki.

Mama yako